Mwanga wa Nyanda za Juu na mizani ya weupe katika kamera za zamani

Kamera za dijitali za miaka ya 2000 zimerudi mikononi mwa watu. Vijana wa Mbeya na Iringa wanazitafuta kwenye meza za mitumba na katika makabati ya wajomba zao, na swali la kwanza wanaloniuliza ni kama kweli kihisi cha CCD, aina ya kihisi cha mwanga kilichomo katika kamera hizo, kina rangi nzuri kuliko simu. Mimi natumia mbili za kizazi hicho, kwa kazi na kwa starehe: Canon PowerShot A620 ya mwaka 2005 na Nikon D70 iliyotangazwa mwaka 2004. Jibu langu kwao ni kwamba kabla ya kukisifu kihisi au kukilaumu, watazame kwanza mizani ya weupe imewekwa wapi, ule mpangilio ambao menyu huuandika kwa herufi WB. Nyingi kati ya rangi zinazosifiwa kuwa za CCD zinatoka hapo, na picha nyingi zinazoharibika huku kwetu zinaharibikia hapohapo, kwa sababu mpangilio umeachwa ujiendeshe wenyewe katika mazingira ambayo haukuyatarajia.

Kihisi chenyewe hakioni rangi. Kinahesabu mwanga tu. Juu yake kumetandazwa vichujio vidogo vya nyekundu, kijani na bluu kwa utaratibu uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, aliyepata hataza yake mwaka 1976, ambapo nusu ya vidoti (pikseli) ni vya kijani na robo robo ni vya nyekundu na bluu. Baada ya picha kupigwa, kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kamera huongeza nguvu ya nyekundu na ya bluu kwa kiwango fulani ili kitu cheupe kitokee cheupe. Kiwango hicho ndicho mizani ya weupe, na ugumu wote upo katika kukikadiria. Kamera inapojiamulia, huanza na dhana kwamba rangi zote zilizomo kwenye fremu zikichanganywa zitatoa kitu kinachokaribia kijivu. D70 hutumia kihisi cha ziada chenye vidoti 1,005 kufanya makadirio hayo, na kwa mtaa wenye magari, mashati, kuta na lami hufanya kazi nzuri sana. Lakini ipeleke Katumba, Tukuyu, uisimamishe katikati ya chai, uone.

Kwenye shamba la chai hakuna kijivu. Ni kijani kutoka miguuni hadi mlimani, na kamera inayoamini kwamba dunia ni ya kijivu itahesabu kijani hicho kuwa kosa la mwanga, kisha itakipunguza kwa kusukuma picha upande wa urujuani. Chai inapoteza ule ung'avu wa majani mapya na kuonekana kama imekaa vumbini, na mtu aliyesimama ndani yake anapata uso wa waridi usiokuwa wake. Nina picha za mama mmoja mchumaji, kilemba cheupe kichwani na aproni ya plastiki kiunoni, nilizozipiga zikifuatana bila yeye kuhama. Katika ile ambayo kamera ilijiamulia, kilemba kina waridi hafifu kwenye mikunjo, na mashavu yake yanafanana na ya mtu aliyekunywa pombe. Katika ile niliyoweka alama ya wingu, mojawapo ya mipangilio ya WB iliyo tayari ndani ya kamera, kilemba ni cheupe kilichoelekea kidogo kwenye rangi ya maziwa, mashavu ni ya kahawia yenye joto, na chini ya kidevu kuna kivuli cha kijani. Hicho kivuli cha kijani si kosa. Majani yanarudisha mwanga juu kweli, na yeyote aliyesimama kwenye chai amekuwa na kidevu cha kijani hata kama hajui. Alipoziona zote kwenye kioo kidogo cha nyuma akasema, "Huyu wa kwanza siyo mimi, mwanangu, huyu wa pili ndiye mimi," akarudi kwenye mstari wake.

Udongo mwekundu huleta hitilafu hiyohiyo kwa kinyume. Ukienda Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa, ukashuka korongoni katikati ya zile nguzo zilizochongwa na mmomonyoko, fremu nzima hujaa hudhurungi na wekundu wa udongo, kamera nayo husukuma kila kitu kuelekea bluu. Nguzo zinatoka zimefifia kama saruji. Ukigeuka ukapiga zile zenye anga nyuma yake, kamera inabadilisha mawazo na wekundu unarudi, kwa hiyo picha za ziara moja, mahali pamoja, saa moja, zinaonekana kama zimepigwa na watu watatu tofauti. Anayetaka kuzipanga kwenye albamu ataelewa kero hii. Ukiweka alama ya jua na kuiacha hapo, hata kama makadirio yako si kamili, angalau picha zote zitakosea kwa namna moja, na kosa la namna moja hurekebishwa mara moja kwa zote.

Ndiyo sababu kanuni ninayoitumia huku ni kupanga mizani kwa kuutazama mwanga unaoangukia kitu, bila kujali rangi ya kitu chenyewe. Mwanga huo una kipimo chake, kiitwacho jotorangi, kinachohesabiwa kwa Kelvini. Aliyewahi kukaa karibu na mhunzi ameona chuma kikianza na wekundu, kikaenda njano, kikaelekea weupe kadiri moto unavyozidi, na kipimo kimejengwa juu ya jambo hilo: mshumaa uko karibu na Kelvini 1,900, balbu ya zamani ya waya karibu na 2,800, jua la mchana kama 5,500, na kivuli chini ya anga safi hufika 8,000 na kupita. Alama zilizomo ndani ya D70 zimepangwa juu ya ngazi hiyo: balbu 3,000, tyubu 4,200, jua 5,200, flashi 5,400, wingu 6,000, kivuli 8,000. Hali ya kujiendesha imewekewa mipaka ya 3,500 hadi 8,000, na hili ni la kukumbuka, kwa maana mwanga ulio chini ya hapo kamera haitaufikia hata ikitaka.

Kuna jambo linalowachanganya wengi na nadhani ni bora liwekwe wazi. Namba kubwa ni mwanga wa bluu, lakini ukiichagua namba kubwa picha inakuwa ya njano zaidi, kwa sababu unaiambia kamera kwamba mwanga ni wa bluu nayo inaongeza njano ili kufidia. Kwa hiyo alama ya wingu huipasha picha joto kuliko alama ya jua, na alama ya kivuli huipasha zaidi. D70 ina pia marekebisho madogo ya kuanzia −3 hadi +3 ndani ya kila alama, na hapo upande wa kujumlisha ndio unaoleta bluu. Waliobuni hivyo walikuwa na sababu zao. Mimi nimekariri tu.

Asubuhi za Juni na Julai ndizo zilizonifanya niiache kabisa hali ya kujiendesha nje ya nyumba. Ukungu unapokaa juu ya Uyole kabla jua halijapanda, mwanga ni wa bluu na baridi inaonekana kwa macho: moshi wa mabanda ya chai ya tangawizi, watu wamejifunika mablanketi mabegani, mabati yamelowa umande. Kamera ikijiamulia inaiona bluu hiyo kuwa hitilafu, inaiondoa, na kinachobaki ni kijivu cha siku yoyote mahali popote. Vivyo hivyo jioni, jua linapozama nyuma ya milima ya Mbeya na kuta zote za matofali ya kuchoma zikawaka, kamera huipunguza dhahabu hiyo. Alama ya jua huviacha vyote viwili kama vilivyo, asubuhi ikabaki na ubaridi wake na jioni na joto lake, kwa sababu haifidii chochote isipokuwa mwanga wa mchana. Mzee mmoja mwenye studio karibu na Mwanjelwa, ambaye alianza kazi enzi za filamu, nilimkuta anafanya hivyo kwenye kamera yake bila kuwahi kusoma kijitabu chochote cha maelekezo. Baada ya shikamoo nikamuuliza kwa nini. "Sisi tulikuwa na filamu ya jua tu," akanijibu. "Ukiingia ndani unajua itatoka njano, unamwambia mteja asogee dirishani. Sasa hii nayo nimeiweka ya jua, nijue nasimama wapi." Filamu za rangi za kawaida kweli zilitengenezwa kwa mwanga wa karibu Kelvini 5,500, na nyingi kati ya picha za familia zetu tunazozikumbuka kwa rangi zake zilipigwa kwa mizani hiyo isiyobadilika.

Kivuli ni habari nyingine, na kwa nyanda za juu ni habari nzito. Wakati wa kiangazi anga letu ni la bluu iliyokolea, na mtu aliyeketi barazani upande usiopigwa na jua anaangaziwa na anga hilo tu. Ngozi nyeusi hung'aa, na mng'ao wa paji la uso na wa mifupa ya mashavu huchukua rangi ya mwanga unaoupiga, kwa hiyo bibi anayekaa kibarazani Rungwe saa nne asubuhi anatoka na mabaka ya bluu usoni yanayomzeesha na kumfanya aonekane mgonjwa. Kwenye D70 ninaweka alama ya kivuli na mabaka yanaondoka. A620 haina alama hiyo. Ina jua, wingu, balbu, tyubu za aina mbili, na ile ya kujipangia mwenyewe. Wingu hupunguza bluu bila kuimaliza, na picha inakubalika. Anayetaka zaidi ya hapo lazima ajipangie.

Kujipangia ni kuionyesha kamera kitu kisicho na rangi chini ya mwanga uleule utakaopigia picha, nayo inahesabu kiwango kutokana na kitu hicho. Kwenye A620 ni sharti utoke kwanza kwenye hali ya kujiendesha ya kamera nzima na kuweka P, hali inayokuruhusu kubadili mipangilio mwenyewe, kwani vinginevyo menyu haikuonyeshi chaguo hilo. Kwenye D70 unachagua PRE, unaachia kitufe cha WB, unakibonyeza tena hadi maandishi yaanze kuwaka na kuzimika, kisha unapiga. Kamera ikiridhika inaandika Good, isiporidhika inaandika no Gd, na mara nyingi ikikataa ni kwa sababu mwanga ni mdogo mno au mwingi mno. Kitu cha kuonyeshwa kisimame pale ulipo uso wa mtu na kielekee upande uleule. Ukikilaza chini kitapokea anga la juu, na ukikishika mwenyewe juani huku mtu yuko kivulini umepima mwanga ambao hautautumia.

Swali linalobaki ni kitu gani hasa. Shati jeupe la shule huonekana kuwa jawabu la haraka, ila shati jeupe ni jeupe kwa msaada: sabuni za unga zina kemikali zinazopokea miale isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa bluu, na akina mama wengi bado wanaongeza bluu ya kufulia juu yake. Kamera ikipimwa kwa shati hilo inaamini mwanga ni wa bluu kuliko ulivyo, na picha inatoka na njano. Karatasi nyingi za ofisini zina kemikali za jamii hiyo. Kadi ya kijivu ya wapiga picha ndiyo bora, na isipopatikana natumia kipande cha lile povu jeupe linalofungia televisheni mpya, ambalo halitiwi bluu na mtu. Nalibeba kwenye mfuko wa kamera, limeandikwa kwa kalamu upande mmoja ili nisitumie upande uliochafuka.

Studio za picha za pasipoti zinastahili neno moja. Pazia la bluu lililoko nyuma ya mteja huifanyia kamera inayojiamulia kile kile kinachofanywa na chai: inaona bluu nyingi, inafidia, na sura inatoka ya njano kama ya mwenye homa ya manjano. Taa za studio hazibadiliki, pazia halibadiliki, kiti hakihami. Ni mahali pa kupanga mizani mara moja na kutoigusa tena hadi taa zibadilishwe, lakini bado nakutana na mafundi wanaorekebisha sura moja moja kwenye kompyuta kutwa nzima.

Ndani ya nyumba na kumbi, kamera hizi zinaonyesha umri wake kuliko mahali pengine. Alama ya balbu ilitengenezwa kwa balbu za waya, ambazo siku hizi ni chache. Alama ya tyubu ilitengenezwa kwa tyubu zenye kijani kingi, na hizo bado zipo katika makanisa na madarasa. Tatizo la tyubu za aina ya zamani ni kwamba zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, na rangi yake haiwi ileile katika kuwaka na kufifia huko. Ukipiga kwa kasi ya 1/250 ya sekunde, picha moja itakuwa na kijani, inayofuata kahawia, ya tatu katikati, na hakuna mizani ya weupe itakayoziponya zote, hata uliyoipanga mwenyewe. Ukishuka hadi 1/50 kila picha inachukua mzunguko mzima na rangi inatulia. Kwaya isogee polepole, basi.

Taa za LED hazikuwemo kabisa katika mawazo ya waliotengeneza kamera hizi. Zinazouzwa madukani kwetu nyingi ni nyeupe, zimeandikwa 6500K kwenye boksi, na mwenye kamera ya zamani anayeingia sebuleni usiku huweka alama ya balbu kwa mazoea, akapata picha ya bluu kama ndani ya friji. Boksi limekwisha kumwambia jibu: 6,500 iko jirani na wingu. Kwenye A620 ninajaribu wingu kwanza, kisha ile alama ya pili ya tyubu iliyoandikwa H, ambayo ilikusudiwa kwa tyubu zenye rangi ya mchana. Hata hivyo LED za bei nafuu zina upungufu wa wekundu usioongezeka kwa mizani yoyote, kwa maana kamera haiwezi kuzidisha kisichokuwapo. Ngozi inatoka imekosa damu. Hapo ninamwambia mtu asogee dirishani, kama mzee wa Mwanjelwa, au nawasha flashi, na kwenye D70 naweka alama ya flashi.

Nikiulizwa kwa nini nisipige picha ghafi (RAW), yaani data ya kihisi ambayo kamera haijaipika, na kuamua rangi baadaye kwenye kompyuta, jibu linategemea kamera. D70 inasoma mwanga kwa biti 12, yaani ngazi 4,096 kwa kila kidoti, kisha inauandika kama picha ghafi, na mizani ya weupe ndani yake ni maelezo tu yanayoweza kubadilishwa bila hasara. Programu za bure kama RawTherapee na darktable zinaifanya kazi hiyo vizuri. A620 kwa kawaida inatoa JPEG pekee, yaani picha iliyokwisha kupikwa na kubanwa ndani ya kamera, yenye ngazi 256, na rangi ikishapikwa humo haitoki kirahisi: ukijaribu kuondoa bluu iliyokolea, nyuso zinapata mistari na viraka. Ipo programu iitwayo CHDK inayoipa A620 uwezo wa kuandika picha ghafi, nami ninayo kwenye kadi moja, ila inapunguza mwendo wa kamera kiasi kwamba watoto wameshaondoka kabla haijamaliza kuandika. Kwa kamera ya JPEG, mizani ipangwe kabla ya kupiga.

Picha ghafi nazo zina mpaka wake, na mpaka huo unaonekana kwenye kibatari na balbu ya njano. Mwanga wa aina hiyo una bluu kidogo sana, na ili weupe utokee mweupe ni lazima bluu hiyo ndogo izidishwe mara nyingi pamoja na uchafu wake wote. Vihisi vya wakati ule havikuwa na bluu ya kupoteza. A620 inaishia ISO 400, ISO ikiwa kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na hapo tayari ina chembechembe, D70 inafika 1600 na chembe zake za bluu zinaonekana kwenye vivuli vyote. Kwa hiyo usiku siondoi njano yote. Nikipiga kwa mama ntilie anayeuza chini ya balbu moja, baadaye kwenye kompyuta nachagua mahali fulani kati ya 3,000 na ile rangi ya asili, wali uonekane wali na moshi ubaki na joto lake. Katika eneo hilo hatua ndogo za Kelvini ni kubwa kwa macho: kutoka 3,000 hadi 3,500 rangi inahama zaidi ya mara tatu ya inavyohama kutoka 6,000 hadi 6,500, kwa hiyo napanda mia mia, natazama sahani, nasimama. Mteja mmoja wa Mbalizi aliwahi kulalamika kwamba ukumbi wake umetoka wa njano. Nikamwambia hata nikiusafisha mpaka uwe mweupe, wageni wake wote waliuona wa njano siku ile, na akachagua mwenyewe ibaki ya njano.